Kimya cha Siku Arobaini

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 17 Machi 2096, sahani ya udongo iliteleza kutoka meza ya jikoni, ikapiga sakafu ya saruji na kupasuka vipande vinne. Oresta Kikoti, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, ameipa meza mgongo. Hakugeuka. Hakusikia kitu.

Dokta Ludovika Ngimba, aliyekaa karibu na mlango na kibao cha kioo mapajani, aliandika saa, kisha akaandika namba ya tukio: 4,118.

"Umeona, mama Oresta?" alisema. "Elfu nne mia moja na kumi na nane. Hakuna hata moja lililopenya."

"Nimeona sahani yangu imekufa," alijibu Kanisia, mama wa mtoto, akiinama na ufagio. Hata hivyo alimtazama binti yake kwa muda kabla ya kuanza kufagia, na mabega yake yakashuka kidogo.

Kifaa kilichofanya kazi hiyo kiliitwa kichuja-tishio. Kilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni vipuli viwili, kila kimoja na ukubwa wa punje ya mtama, vilivyokaa ndani ya masikio ya mtoto. Ya pili ni kibandiko kwenye kifundo cha mkono, kilichopima mapigo ya moyo, jasho na joto la ngozi. Ya tatu ni kisanduku cheupe ukutani, ambacho ndicho ubongo wa kifaa. Kila sauti ya nyumba ilishikwa kwa robo sekunde kabla ya kumfikia mtoto. Ndani ya robo hiyo ubongo uliamua. Maji yakichuruzika, kuku akilia, mama akiita, sauti ilipita. Mlango ukibamizwa, mtu akifoka, tusi likitamkwa, vipuli vilitoa wimbi la kinyume, wimbi likakutana na wimbi, na palipokuwa na kishindo pakabaki kimya kitupu.

Jiji la Makambako lilikihitaji kifaa hicho. Tangu reli nne za treni za sumaku zikutane hapo, wakazi walikuwa wamefika milioni mbili, na fujo ziliongezeka pamoja nao. Kituo cha Tulia, ambako Ludovika aliongoza utafiti, kilikuwa kimewavalisha vipuli watoto mia tatu na kumi na wawili walioshuhudia ukatili. Kwa njia za zamani, mtoto wa aina hiyo alichukua wastani wa miezi mitano kabla ya kulala usiku mzima bila kushtuka. Kwa kichuja-tishio alichukua siku tisa. Nchi kumi na moja zilikuwa zimeomba michoro. Ludovika aliamini namba, na namba hizi zilimfanya ashindwe kutulia kitini.

Oresta naye alilala siku ya tisa. Jambo moja tu halikurudi.

Tarehe 6 Februari, saa sita mchana, wanaume watatu waliingia katika nyumba hii kuiba betri kuu, ile inayohifadhi umeme wa jua wa nyumba nzima. Baba, Fidelis Kikoti, mwongozaji wa treni, alikuwa mapumzikoni. Walimpiga hadi akafa. Kanisia alikuwa kazini. Polisi walimkuta Oresta mzima, ndani ya kabati la nguo la chumbani. Wezi walikamatwa siku ya tatu. Kituo kilikuwa kimemvalisha mtoto vipuli asubuhi iliyofuata tukio, kabla ya mazishi. Tangu alipotolewa kabatini hakuwa ametamka neno.

"Saa kumi kamili," Ludovika alisema. "Gari la kituo litakuja saa tisa na nusu. Kazi yenyewe ni dakika hamsini. Hakuna mtoto mwingine duniani aliyewahi kufanyiwa hivi. Kesho asubuhi anaweza kuamka akaongea."

Alikuwa anazungumzia hatua iliyofuata, mashine iitwayo kifuta-tukio. Kichuja kilizuia hofu mpya. Kifuta-tukio kilifuata hofu ya zamani ndani ya ubongo, uzi kwa uzi, na kuikata. Kilikuwa na mipaka miwili. Baada ya siku ya arobaini na mbili, kumbukumbu huwa imezama mahali ambapo miale yake haifiki. Na mtoto aliyepata mshtuko hapaswi kuguswa mpaka siku tatu zipite. Leo ilikuwa siku ya arobaini.

"Niambie tena kuhusu sauti ya baba yake," Kanisia alisema.

Ludovika hakuwa na mazoea ya kupamba jibu. "Kuna uwezekano wa asilimia sitini na nne kwamba itaondoka na tukio. Mashine haijui kutenganisha sauti ya baba siku ile na sauti ya baba siku nyingine. Jina lake atalijua. Kwenye picha atamtambua. Sauti, hapana."

"Kwa hiyo ninachagua sauti ya marehemu au sauti ya mtoto."

"Ndiyo."

Kanisia alimwaga vigae kwenye ndoo ya taka. "Fomu yako nitaweka dole baada ya arobaini. Acha watu wale kwanza. Fidelis hakupenda mambo ya kusainisha kabla ya chakula."

Kufikia saa tatu uani palikuwa pamejaa. Turubai lilifungwa kutoka paa hadi ukuta wa jirani. Katekista aliongoza sala, akina mama wakafunika sufuria, na Oresta akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, sahani ya wali mapajani. Ludovika alikaa nyuma yake akiangalia mstari wa mapigo kwenye kibao. Themanini na sita. Themanini na nne. Vizuri sana.

Saa nne na dakika thelathini na tano sauti ya Hilda Mbano ilifika uani kabla ya yeye mwenyewe.

"Wenye nyumba! Nasikia Wahehe wanapika nyama leo. Nani amehesabu mbwa wa mtaa huu?"

Hilda alikuwa fundi wa breki za treni za sumaku, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpana, aliyefanya kazi na Fidelis kwa miaka kumi na tisa. Pia alikuwa Mngoni, na hilo ndilo lililompa ruhusa. Zaidi ya karne mbili zilizopita Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali. Vita vilipokwisha waliachiana utani. Mtani anapoingia msibani hapewi pole wala hatoi. Humcheka marehemu, huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, huwatukana wafiwa mbele ya watu, na ni mwiko kumkasirikia. Siku ya mazishi Hilda alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema marehemu alikuwa mvivu kiasi kwamba lazima aoneshwe namna ya kulala. Alitolewa kwa kubembelezwa. Aliondoka na koti la kazi la Fidelis, la bluu lenye mistari ya njano, na leo alikuja amelivaa.

"Mngoni, nani amekuita?" alidakia Kolumba, dada wa marehemu, mwiko mkononi. "Panya wamekwisha kwenu?"

"Wamekwisha, wifi. Nimekuja kuona kama wenu wamenona."

Watu wakaangua kicheko. Kanisia mwenyewe alicheka, akajishika ubavu, akafuta macho kwa pindo la kitenge.

Kwenye kibao cha Ludovika kila sentensi ya Hilda iliwaka nyekundu. Daraja la nane kati ya kumi: tusi, kumdhihaki marehemu, kufoka. Kicheko cha watu nacho kilihesabiwa daraja la saba: kundi likishangilia tusi. Kichuja kilikata yote. Oresta aliona koti la baba yake likiingia uani, mdomo juu ya koti ukifunguka na kufumba, watu hamsini wakitikisika mabega. Hakusikia hata pumzi.

Mia moja na mbili. Mia moja na kumi na tisa.

Ludovika alisimama. Alikuwa tayari kwenda kumwomba mwanamke yule atoke. Mtoto asiharibiwe saa tano kabla ya kifuta-tukio. Alipiga hatua moja, kisha akasimama, kwa sababu jambo moja halikukaa sawa. Hilda alikuwa amenyamaza ili anywe maji. Koti lilikuwa palepale, mbele ya macho ya mtoto, na mapigo yalikuwa yanashuka. Hilda akaanza tena. Kichuja kikakata. Mapigo yakapanda.

Mtoto hakuwa anasikia maneno yale. Basi alikuwa anashtushwa na nini?

Alibonyeza kitufe shingoni. "Sigfrid, uko chumba cha mitambo?"

Mhandisi Sigfrid Mwalongo, aliyeujenga ubongo wa kichuja, alijibu kutoka kituoni akiwa na kitu mdomoni. "Niko, dokta. Jumamosi hii, mimi na chapati yangu."

"Chukua matukio yote ya Oresta Kikoti. Usinipe wastani wa siku. Nataka mapigo sekunde kwa sekunde, kuanzia pale kichuja kinapokata."

"Yote elfu nne?"

"Weka chapati chini."

"Nimeweka." Uani, Hilda alikuwa anawaeleza watu kwamba Fidelis aliendesha treni ya kasi ya kilometa mia sita kwa saa lakini akimwona bata alipanda juu ya benchi. Kisha Sigfrid akarudi, na safari hii hakuwa na kitu mdomoni. "Dokta, si kelele. Ni kimya. Mapigo yanapanda sekunde moja na nusu baada ya kimya kuanza. Kimya kikiwa kirefu yanapanda zaidi. Imetokea mara 3,990."

"Kwa nini hatukuona?"

"Tulikuwa tunasoma wastani. Wastani unashuka kwa sababu analala."

Ludovika alikitazama upya kibao. Kwa miaka mitatu alikuwa akiitazama picha moja, na sasa mtu alikuwa ameigeuza juu chini na ikawa picha nyingine, iliyo wazi zaidi.

"Swali la pili. Ubongo wa kichuja umewahi kusikia utani?"

"Ngoja... Tuliufundisha kwa saa elfu sitini na moja za sauti. Polisi, mahakama, wodi za dharura, stendi, baa. Misiba, sifuri. Kuna maelezo hapa: 'Misiba isirekodiwe, kwa heshima ya marehemu.' Yametiwa sahihi."

"Ya nani?"

"Yako, dokta."

Alikumbuka. Mwaka 2091, meza moja, watu sita, wote wa nyanda hizi za juu, kila mmoja amelia na kucheka kwenye matanga tangu utotoni. Hakuna aliyeinua mkono, kwa maana hakuna mtu mwenye adabu anayeweka kinasa sauti msibani. Mgeni angeuliza. Wao hawakuuliza.

Alimfuata Kanisia kwenye sufuria na kumweleza kwa sentensi tano. Kisha akasema, "Ninaweza kuzima kichuja sasa hivi. Akipata mshtuko, kifuta-tukio hakitamgusa kwa siku tatu, na siku tatu zitatupeleka ya arobaini na tatu."

"Ni hiki au kile."

"Ndiyo."

"Wewe unasema nini?"

"Nasema ninachokijua. Kimya kinampandisha mapigo. Sauti itafanya nini, sijui."

"Hujui."

"Sijui, mama Oresta."

Kanisia alimtazama binti yake kwenye kigoda, wali haujaguswa. Halafu akamtazama Hilda, ambaye sasa alikuwa anamdai Kolumba mguu wa mbuzi kwa vile, alisema, babu zake ndio waliowafundisha Wahehe kuchunga.

"Zima," alisema.

Kanuni ya kituo ilitaka sahihi mbili. Sigfrid aliweka yake. "Mungu atusaidie," alisema, "na bodi itusamehe."

Saa tano na dakika ishirini na moja taa ya kisanduku cheupe ilizimika. Vipuli vikawa wazi.

Kishindo cha kwanza alichosikia Oresta Kikoti baada ya siku thelathini na tisa kilikuwa cha mfuniko wa sufuria ulioponyoka mkononi mwa shangazi yake na kuzunguka sakafuni kama sarafu. Aliruka. Wali ukamwagika. Aligeuka, akautafuta mfuniko kwa macho mpaka akauona, akautazama hadi ulipotulia.

Mia moja thelathini na nne. Kikomo cha hatari kilikuwa mia moja na hamsini. Kidole cha Ludovika kilikuwa juu ya kitufe cha kurudisha kichuja.

Hilda hakujua kitu. Alikuwa katikati ya uwanja, amejaza koti pumzi. "Basi Fidelis anaingia stesheni. Tazameni! Kifua mbele, tumbo linachelewa nyuma, linakuja na treni ya pili." Watu walipiga makofi. "Anatembea hivi, huku anapiga mluzi, anadhani wasichana wa tiketi wanamtazama." Akatembea kwa maringo, akapiga mluzi.

Mia moja arobaini na moja. Arobaini na sita. Oresta alikuwa amesimama. Alikuwa anatembea kuelekea kwenye koti. Watu walimpisha bila kujua kwa nini wanampisha.

"Siyo hivyo."

Sauti ilikuwa nene, imekwaruza. Kibao kiliandika: maneno mawili, chanzo mtoto.

Hilda alikuwa amempa mgongo. Wale walioketi mbele yake waliona uso wake ukibadilika na midomo ikicheza. Lakini mtani hana ruhusa ya kulia. Alivuta kamasi, akafoka bila kugeuka, "Nani huyo? Mhehe gani anayenifundisha mimi kutembea?"

"Baba hakuwa anapiga mluzi akitembea," Oresta alisema. "Alikuwa anasimama kwanza. Vyote viwili pamoja alikuwa hawezi."

Uani palilipuka. Wanaume waligonga meza. Kolumba alipiga vigelegele hadi sauti ikakatika. Kanisia alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye saruji, mwiko mapajani, akicheka na kulia bila kuchagua.

"Kumbe!" Hilda aligeuka, mikono kiunoni. "Mwongozaji wa treni nzima, mambo mawili kwa mpigo hawezi! Na wewe ulikuwa wapi na habari hizi siku arobaini? Mimi namuiga vibaya mbele za watu, naaibika, wewe umekaa kwenye kigoda unanitazama tu! Mtoto una roho mbaya. Wahehe wote mna roho mbaya."

"Nilikatazwa kusema."

"Na nani?"

"Baba. Alinifungia kabatini, akasema ninyamaze mpaka aje kunifungulia."

Vicheko vilikatika vyote kwa wakati mmoja. Watu hamsini walinyamaza, na Ludovika akaona mstari ukiruka: mia moja arobaini na tisa.

"Ongeeni!" alipaza sauti, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti kazini. "Yeyote aseme kitu! Msinyamaze!"

Kolumba akagonga sufuria kwa mwiko. Katekista akaanza wimbo kwa ufunguo usio wake. Hilda akapiga magoti mbele ya mtoto, macho kwa macho.

"Nani alikufungulia?"

"Polisi. Ile mashine yao."

"Mashine ya polisi ni baba yako?"

"Hapana."

"Inapiga mluzi?"

"Hapana." Kona ya mdomo wa Oresta ilisogea.

"Basi hujafunguliwa wewe. Uko humo mpaka leo. Siku arobaini kabatini, na sisi huku tunakula wali wako!" Hilda akasimama, akavuta koti likae vizuri mabegani. "Twende."

Waliingia ndani. Ludovika aliwafuata mbio. Mwongozo wa kituo, ukurasa wa nane, ulikataza mtoto kurudishwa mahali pa tukio bila maandalizi ya miezi mitatu. Yeye ndiye aliyeuandika ukurasa huo. Alifungua mdomo mlangoni mwa chumba, akatazama kibao, mia moja na kumi na mbili na bado yanashuka, akafumba mdomo. Hakuwa na takwimu za kumzuia mtu yeyote.

Hakuna aliyemwambia Oresta afanye nini. Aliingia kabatini mwenyewe, katikati ya mashati, akavuta mlango. Kupitia mbao alisikia nyumba yote: shangazi, katekista, sufuria, watu waliosongamana ukumbini wakinong'onezana kwa nguvu.

Hilda alisogea mbele ya kabati. Alisimama kwanza. Kisha akapiga mluzi. Akafungua.

"Oresta Kikoti. Nimekuja. Toka, useme utakavyo."

Mtoto alibaki amekaa kwa sekunde kumi na moja, kwa hesabu ya kibao. Akatoka. Akashika ukingo wa koti, akalinusa.

"Linanuka grisi."

"Hiyo ni harufu ya kazi," Hilda alisema. "Ninyi Wahehe hamwezi kuijua." Ndipo alipokwenda nyuma ya nyumba, peke yake, na kukaa huko dakika ishirini.

Saa tano na dakika hamsini mapigo ya mtoto yalikuwa tisini na mbili. Maneno aliyotamka yalikuwa sitini na moja, na kibao kiliendelea kuhesabu, kwa kuwa alikuwa ameketi mapajani mwa mama yake akimweleza jambo refu kuhusu bata.

Kanisia alimrudishia Ludovika fomu, tupu. "Asante, dokta. Mpelekee mwingine."

"Simpelekei mwingine," Ludovika alisema. Saa sita na dakika tano alifuta miadi ya saa kumi. Alikuwa bado na msisimko wa asubuhi, lakini sasa ulikuwa na swali ndani yake, na swali hilo alilifahamu kabla hajaliuliza. Alitoka hadi barabarani ndipo akabonyeza kitufe shingoni.

"Sigfrid. Kati ya watoto mia tatu na kumi na wawili, wangapi wanaongea maneno machache kwa siku kuliko siku tuliyowavalisha vipuli?"

"Hao tumewaweka kwenye fungu la waliotulia."

"Najua tulipowaweka. Wangapi?"

Alisikia kiti kikisogezwa. "Ishirini na saba."

Namba hiyo alikuwa ameisoma mwenyewe jukwaani mwezi Januari, mbele ya wajumbe wa nchi kumi na moja. Watoto ishirini na saba waliotulia kabisa. Wajumbe walipiga makofi. Watoto wale walikuwa na kimya chao cha kwanza, kila mmoja na sababu yake, na kituo kikawaongezea cha pili juu yake, mara mia kwa siku, wengine kwa miaka mitatu.

"Bodi inakutana Jumatatu," Sigfrid alisema.

"Hizo ni siku mbili. Wapigie wazazi mmoja mmoja. Waeleze kosa ni letu, na kwamba matokeo hatuyajui. Anayekubali, tunazima nikiwa kwenye laini, mtoto akiwa na mtu wake. Anayekataa, tunaheshimu."

Walianza saa saba. Wazazi kumi na tisa walikubali. Watano walikataa, wawili kati yao kwa matusi. Watatu hawakupatikana. Katika nyumba ya tatu mtoto alizimia kwa sekunde sita, daktari wa zamu akapelekwa na kichuja kikarudishwa. Katika nyumba ya sita, ya saba na ya kumi hakukutokea badiliko lolote. Ludovika aliandika yote kwa mpangilio uleule.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa mtaa wa Reli ya Kusini. Mtoto aliitwa Wende Msigwa, wa miaka sita, ambaye hakuwa amesema neno tangu Novemba 2094. Kichuja kilizimwa saa kumi na moja na dakika nane jioni. Jirani alikuwa juu ya paa akipigilia bati. Nyundo ilisikika wazi hadi kwenye laini.

"Dokta, anatetemeka," mama alisema. "Ameziba masikio. Nirudishe?"

Mia moja arobaini. Mia moja arobaini na mbili.

"Unaweza. Uamuzi ni wako. Mshike kwanza."

"Nimemshika." Nyundo. Nyundo. "Anajitoa mikononi. Anaenda dirishani."

Saa kumi na moja na dakika kumi na moja Wende Msigwa alifungua dirisha na kumwambia fundi aliyekuwa juu ya paa, "Acha kelele!"

Nyundo ikanyamaza.